Pacha wetu alipotea kwenye orodha

Ukurasa wa familia mwezi huu tumepewa sisi, na tumeombwa tujibu swali ambalo watu wengi wanatuuliza wakitukuta bombani: eti ni kweli kompyuta inaweza kufuta mtoto? Kufuta mtoto haiwezi. Kukata jina lake inaweza, na jina likikatwa vibaya mtoto anabaki nje ya mlango wakati wenzake wako ndani. Ilitupata Bujumbura mwaka 2016, tulipokuwa tunakaa Buyenzi. Leo tunaweza kuieleza kwa sababu binti yetu mkubwa alikuja kujifunza kazi ya kuandika programu, na jioni nyingi ametukalisha chini na kutufundisha mpaka sisi wazee tukaelewa. Mama alielewa kabla ya baba, tuseme ukweli.

Tuanze na majina, maana bila majina hadithi haieleweki.

Sisi ni watu wa Uvira. Kwetu Kongo mtu anaandikwa nomu, kisha posti-nomu, kisha prenomu ya ubatizo inakuja mwisho. Vijana wengi hawajui posti-nomu ilitoka wapi. Ilikuja mwaka 1972, wakati wa Zaire, siasa ya otantisite ilipokataza majina ya Kikristo ya kizungu na kila mtu akatakiwa kuchukua majina ya kiasili. Rais mwenyewe, aliyekuwa Joseph-Désiré Mobutu, akawa Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa Za Banga. Baadaye prenomu zilirudi lakini posti-nomu hazikuondoka, ndiyo maana Mkongomani anajaza fishi kwa majina matatu na bado anaona karatasi ni fupi.

Mungu alitupa mapacha, mapasa kama wengine wanavyosema. Wote wawili tuliwapa nomu ya baba yao na posti-nomu ya babu yao mzaa baba, kwa heshima ya mzee. Kilichowatofautisha ni prenomu tu, ile ya mwisho kabisa kwenye mstari. Tarehe ya kuzaliwa moja, mwaka mmoja, familia moja. Shikeni hilo.

Jirani yetu pale Buyenzi, mama mmoja Mrundi, alikuwa anatucheka sana. "Mama Mapacha, nyinyi Wakongomani munajitafutia matata. Mimi ningewaita Bukuru na Butoyi, basi, imekwisha." Kweli, Warundi pacha wa kwanza wanamwita Bukuru na wa pili Butoyi, kama vile Waluba wanavyosema Mbuyi na Kabanga. Na zaidi ya hapo, kwa desturi ya Kirundi kila mtoto anapewa jina lake mwenyewe. Si jina la baba linalotembea mpaka kwa wajukuu. Mtoto wa saba anaweza kuitwa Nyandwi na wa nane Minani. Mwingine anaitwa Hakizimana, yaani Mungu ndiye anayeokoa, sentensi nzima imebanwa kwenye neno moja. Angalieni hata nyumba ya mfalme: Mwami Mwambutsa alimzaa Louis Rwagasore na akamzaa Charles Ndizeye. Baba na wana wawili, majina matatu, hakuna linalofanana. Mrundi yeyote anajua Rwagasore ni mtoto wa nani, na kila tarehe 13 Oktoba nchi inamkumbuka, lakini ukimpa mgeni orodha ya majina peke yake hawezi kukwambia kwamba hawa ni watu wa nyumba moja.

Basi, majina ya namna hii yote yalikuwa yanapanga foleni moja Bujumbura: ya Kirundi, ya Kikongomani, na yale ya Waislamu wa Buyenzi yenye bin na binti katikati. Yote yalitakiwa yaingie kwenye fishi moja yenye visanduku viwili tu.

Mwaka ule 2016 mapacha walikuwa wanaanza shule. Kulikuwa na ofisi moja, hatutaitaja, iliyokuwa inapokea majina ya familia za wakimbizi wa mjini kwa ajili ya madaftari, sare na karatasi ya matibabu. Mjini hakuna mgao wa chakula kama wa kambini, kwa hiyo karatasi ile ya matibabu ilikuwa mali. Tuliandikisha watoto wote. Kiongozi wa karitie aliandika kwa mkono, mwandiko mzuri, mstari mmoja kwa kila mtoto. Orodha ilipobandikwa ukutani, mapacha wetu walikuwa mmoja.

Tulidhani ni kukosea kuandika tu. Tulirudi kesho yake. Mama aliyekuwa mezani akaangalia kompyuta, akasema kwa upole, "Papa, mtoto huyu yupo. Huyu hapa." Tukamwambia ndiyo, huyo yupo, ila ndugu yake hayupo. Akasema, "Alikuwa ameandikwa mara mbili, kwa hiyo mara ya pili ikaondolewa." Jamani! Unamwambia nini mtu anayekwambia kwamba mtoto wako ni kosa la kuandika? Wote wawili tulikuwa tumewaleta, wamesimama pale wamevaa fulana za rangi tofauti, na yeye anawaangalia na kuangalia kioo cha kompyuta, na bado kioo kinasema mmoja.

Wiki haikuisha, yule ambaye hayumo kwenye orodha akashikwa na malaria. Mvua za Bujumbura mnazijua, na mbu wa bonde la Imbo mnawajua pia. Kwenye santre walikuwa wanafuata karatasi. Wakauliza jina, wakatafuta, hakuna. Mmoja wetu akasema tumpe jina la ndugu yake tu, atibiwe, Mungu atatusamehe. Mwingine akakataa, kwa sababu kesho ndugu naye akiugua wataambiwa ameshatibiwa. Tulibishana pale pale kwenye benchi, mtoto amelala miguuni anatetemeka. Mwisho tuliuza vitenge viwili vipya tulivyokuwa tumeweka akiba, tukalipa kama watu wasio na karatasi. Alipona. Hatutaki kurefusha hapo.

Aliyetatua jambo ni kijana wa kompyuta wa ofisi ile ile. Tulirudi mara ya tatu na binti yetu, maana yeye Kifaransa anakiweza, na kijana yule alikuwa na moyo wa kusikiliza. Alichukua daftari la kiongozi wa karitie, akahesabu mistari. Akahesabu ya kompyuta. Ya daftari ilikuwa mingi. Akanyamaza, halafu akageuza kioo ili na sisi tuone, jambo ambalo hakulazimika kulifanya, na akamwonyesha binti yetu mstari mmoja mfupi wa programu. Binti aliunakili nyuma ya karatasi ya madawa. Hakuuelewa siku ile. Aliuelewa mwaka 2018, alipoanza masomo ya kompyuta pale Bwiza, akaja nyumbani mbio na karatasi ile mkononi.

Sasa tueleze alivyotueleza.

Kompyuta haijui kwamba jina ni jina. Inaona herufi zimepanga foleni, na nafasi kati ya neno na neno kwayo ni herufi kama nyingine, ila haina sura. Ukitaka kutenganisha maneno unaiambia: kila ukikuta nafasi, kata. Amri hiyo kwenye lugha nyingi za programu inaandikwa split. Ukiiacha ikate kila mahali, jina la Mobutu lenye nafasi saba linatoka vipande vinane. Lakini fishi ina visanduku viwili. Kwa hiyo mwandishi wa programu anaweka kikomo: kata, lakini usizidishe hapa. Na hapo kwenye kikomo ndipo pacha wetu alipopotelea.

Mama alielewa kwa mfano wa muwa. Una watoto wawili na muwa mmoja. Unakata mara ngapi? Mara moja. Vipande vingapi? Viwili. Watoto watatu, unakata mara mbili. Hesabu ya kisu na hesabu ya vipande hazilingani, zinapishana kwa moja siku zote. Lugha inayoitwa Python inahesabu kisu: ukiiandikia jina.split(" ", 1) inakata mara moja na kukupa vipande viwili. Java na PHP zinahesabu vipande: ukitaka viwili unaandika 2. Mtu akitoka lugha moja kwenda nyingine bila kuangalia, anapata kipande kimoja zaidi au kimoja pungufu. Hilo ni dogo, linaonekana haraka, unacheka na kusahihisha.

Kubwa ni salio. Muwa una pingili kumi, umekata mara moja, kipande cha pili ni kirefu. Kile kirefu chote unampa mtoto wa pili, au unakata pingili moja ya kwanza, pingili moja ya pili, na nane zinazobaki unatupa kwenye majani? Hakuna mama wa Buyenzi anayetupa. Python haitupi, Java haitupi, PHP haitupi: kipande cha mwisho kinabeba kila kitu kilichobaki, pamoja na nafasi zake, hakijaguswa. Lakini JavaScript, ile lugha ya kurasa za intaneti, ukiiandikia jina.split(" ", 2) inakata jina lote, inakupa vipande viwili vya mwanzo, na vingine vyote inaviacha. Haikwambii kitu. Haioni kosa, maana uliomba viwili na imekupa viwili.

Neno ni lile lile, split. Namba ni ile ile, 2. Kijana wa ofisi alikuwa amesoma kwa Java, na programu ile iliandikwa kwa JavaScript. Mkono wake uliandika ulichozoea.

Fuateni sasa safari ya mapacha. Mstari wa kwanza: nomu, posti-nomu, prenomu. Programu inachukua viwili vya mwanzo, prenomu inabaki nje. Mstari wa pili vivyo hivyo. Mistari miwili sasa inafanana herufi kwa herufi, na tarehe ya kuzaliwa ni moja. Halafu inakuja programu nyingine, ya kusafisha orodha, ambayo kazi yake ni kuondoa waliojirudia ili mtu asipokee mara mbili. Inaona mistari miwili sawa, inaondoa mmoja. Kila mashine imefanya kazi yake vizuri, ukiziuliza moja moja.

Na hatukuwa peke yetu. Mnajua wengi wetu tulikimbia bila karatasi, na asiyejua siku ya kuzaliwa anaandikiwa tarehe 1 Januari. Kwa hiyo hata watoto wasio mapacha, ndugu wa baba mkubwa na baba mdogo wanaolelewa nyumba moja, wenye jina la babu mmoja na mwaka mmoja, nao waliungana wakawa mtu mmoja. Kijana aliwapata mmoja mmoja kwa kulinganisha na daftari. Alitengeneza programu kwa njia ambayo binti yetu anasema ndiyo sahihi kwa JavaScript: tafuta nafasi ya kwanza iko wapi, chukua kilicho kushoto, chukua chote kilicho kulia. Kisu kimoja, hakuna kinachotupwa. Wiki iliyofuata mapacha walikuwa wawili tena ukutani. Vitenge havikurudi.

Tunataka kusema jambo moja kuhusu daftari lile. Kama kiongozi wa karitie angelitupa baada ya majina kuingia kwenye kompyuta, sisi tungekuwa tunabishana na kioo mpaka leo.

Binti anasema mambo ya namna hii yapo kila mahali, si kwenye majina tu. Hapa kambini amesaidia kupanga orodha ya wazee. Kila mstari una namba ya familia, jina, mwaka wa kuzaliwa, halafu maelezo, vyote vimetenganishwa kwa mkato. Kuna bibi ambaye maelezo yake yanasema: mjane, haoni vizuri, ana sukari. Ukikata kila mkato unapata vipande sita, na jedwali lina nafasi nne. Bibi anabaki "mjane", ugonjwa wa sukari umekwenda na majani. Ukikata mara tatu tu, vipande vinne vinatoka, na cha nne kina maelezo yote pamoja na mikato yake. Mtu wa dawa anasoma mpaka mwisho.

Upande wa kukatia nao una maneno. Mrundi anayeandika jina lake la Kirundi kwanza na prenomu mbili baadaye unamkata kutoka kushoto, mara moja, na prenomu zake zinabaki pamoja. Mkongomani ambaye prenomu yake iko mwisho ni bora umkate kutoka kulia, na Python ina amri ya hivyo, rsplit, tangu toleo la 2.4 la mwaka 2004. Lakini Mkongomani mwenye prenomu mbili zisizounganishwa kwa kistari, Jean nafasi Pierre, ukimkata kutoka kulia Jean anaangukia kwenye ukoo. Na yule mwenye bin katikati? Na aliyebonyeza nafasi mara mbili kwa haraka? Kwa huyo, programu iliyoambiwa ikate kwenye kila nafasi inatoa kipande kitupu katikati, jina lisilo na herufi hata moja. Python ukiiacha bila kuitajia alama ya kukatia, inahesabu nafasi zinazofuatana kama moja, ndiyo maana binti anapenda kuanza hivyo.

Baba aliuliza, kwa hiyo sheria ni ipi? Binti akasema sheria ni kutokata. Jina lote liandikwe kwenye kisanduku kimoja, kama mwenyewe anavyolitamka, na kama ofisi inataka ukoo pembeni imuulize mwenye jina, isiiulize nafasi. Sisi tunakubaliana naye. Fishi hatuzitengenezi sisi, lakini mzazi unaweza kuomba usomewe kilichoandikwa kwenye kompyuta, mpaka neno la mwisho. Sisi tunafanya hivyo kila mara, na foleni nyuma yetu inanung'unika, tunaiacha inung'unike. Mapacha wako sekondari sasa na wanaona aibu.

Kuna tatizo ambalo hata binti bado analisumbukia. Kikomo kinazuia vipande visizidi, hakizuii visipungue. Wapo wazee Warundi ambao maisha yao yote wana jina moja tu la Kirundi, hawakubatizwa, hawana prenomu. Hapo hakuna nafasi, kisu hakina pa kupita, na kinachotoka ni kipande kimoja kizima. Programu inayongojea viwili inasimama na kupiga kelele. Binti ameandika yake ili kisanduku cha pili kiachwe kitupu bila ugomvi. Fishi nyingine hazikubali kitupu, zinakung'ang'ania mpaka ujaze kitu. Mzee mmoja wa upande wetu wa kambi aliulizwa prenomu yake, akajibu hana. Mwandishi akaandika Hana. Ndivyo kadi yake inavyosoma mpaka leo, na wajukuu wake wameshaanza kumwita Mzee Hana, naye anaitika.